Feza ya uzee itatoka kwa mufuko gani?

Mwezi huu sitaongea juu ya ndoa wala juu ya masomo ya watoto. Ninataka tuongee juu ya wazee, na juu ya feza. Ninajua ya kwamba maneno haya mawili yakiwekwa pamoja yanaleta kelele nyumbani. Lakini kunyamaza hakujalisha muzee hata mumoja.

Siku moja nyuma ya ibada, muzee mumoja wa kanisa letu hapa Malemba-Nkulu alinifuata mupaka barazani. Alishika mufuko wa plastiki uliofungwa na kamba. Ndani kulikuwa karatasi zake za mushahara, kitabu chake cha kazi, na picha ya ujana wake akiwa na kofia ya mine kichwani. Alitumika miaka 27 katika kampuni moja ya muji wa mine, kiisha akarudi huku kulima mihogo. Macho yake hayaoni tena vizuri. Akaniomba: «Pasta, unisomee hapa. Walikuwa wananikata ao hawakunikata?»

Nikasoma. Ndiyo, walimukata. Kila mwezi mustari uleule, feza kidogo ya uzee. Nikamwambia hivyo. Muzee akatikisa kichwa, akasema: «Basi mimi si muombaji. Mimi ninadai.»

Akauzisha mbuzi wake. Akapanda mutumbwi wa moteri mupaka Bukama, na kutoka kule akapanda treni. Nyuma ya wiki tatu akarudi. Katika biro alipotumwa walikuta jina lake, lakini kwa miaka mingi kampuni ile ilikata feza yake bila kuipeleka pahali pake. Wakamwambia arudi tena na karatasi zingine. Mbuzi alikuwa amekwisha.

Nilienda kuwatembelea. Muzee hakusema mengi. Lakini muke wake, aliyekuwa anatwanga sombe, aliacha mutwangio akaniuliza: «Pasta, kama wale wenye karatasi wanarudi mikono mitupu hivi, mimi niliyelima maisha yangu yote bila karatasi nitadai kwa nani?»

Ndugu musomaji, sikuwa na jibu siku ile. Swali la mama yule njo linanisukuma kuandika leo.

LIKELEMBA KUBWA

Kwanza tufahamu ginsi feza ya uzee inavyotumika, kwa sababu wengi wanafikiri ya kwamba franka walizokatwa zinalala mahali fulani ndani ya sanduku, kila mutu na lake, zikingojea siku ya retreti. Haiko hivyo.

Wamama wa soko wanajua likelemba. Watu kumi wanatoa kila wiki, na mumoja anabeba yote. Feza haikai. Inaingia asubui, inatoka mangaribi. Ginsi ya feza ya uzee katika inchi nyingi iko karibu sawa na ile. Wanaotumika leo wanatoa, na feza ile inalipa wale walioacha kazi jana. Wanaotoa leo wanategemea ya kwamba watoto wa leo watatoa kesho. Ni likelemba ya vizazi: baba anabeba ya mutoto, na mutoto atabeba ya mujukulu.

Kwetu Kongo mambo haya yana historia ndefu. Mwaka wa 1956, mbele ya Uhuru, amri ilitoka ya kuweka pensheni kwa wafanyakazi. Mwaka wa 1961 Serikali ikaanzisha INSS. Sheria ya mwezi wa 7 mwaka wa 2016 ikageuza taratibu, na INSS ikawa CNSS. Leo, kwa kila franka 100 za mushahara, mufanyakazi anakatwa 5, na mwenye kazi anaongeza 5 zake kwa ajili ya uzee na mambo yanayofanana. Umri wa retreti ni miaka 60, kwa mwanaume na kwa mwanamuke.

Taratibu ni nzuri. Juu ya nini basi muzee wetu alirudi mikono mitupu?

MAMBO MATATU YALIYOVUNJA LIKELEMBA

Jambo la kwanza: wenye kutoa walipunguka. Wale wenye umri wangu wanakumbuka mambo ambayo wazazi wetu walituambia juu ya Gécamines. Vijana wengi wa Baluba ya huku walienda kule tangu wakati wa Union Minière. Miaka ya 1980 kampuni ile ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na mwaka wa 1986 ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Kiisha, mwezi wa 9 mwaka wa 1990, mine ya Kamoto ikaanguka. Mwaka wa 1994 shaba yote ya mwaka haikufika tani 50,000. Kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa mupango ulioitwa kuondoka kwa mapenzi, na feza za mupango ule zilitoka Banki ya Dunia. Wengi wao walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mushahara. Mutu asiyelipwa anakatwa nini? Na kampuni isiyolipa watu wake itapeleka nini kwa feza ya uzee? Pahali ambapo watu kumi walikuwa wanatoa, wakabaki watatu. Na wenye kungoja walikuwa wanaongezeka.

Jambo la pili: feza yenyewe ilioza. Munakumbuka mwaka wa 1993? Leta ilibadirisha makuta: zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mupya 1. Mwaka wa 1998 zaire mupya 100,000 zikawa franka 1. Tufanye hesabu pamoja na watoto wetu walio masomoni: ilihitaji miliardi 300 za zaire ya zamani kwa kupata franka moja tu! Muzee aliyekatwa zaire zake za nguvu miaka ya 1970, wakati zaire ilikuwa inanunua kitu, alikuja kuhesabiwa kwa makuta ambayo hayawezi kununua hata kiberiti. Alitoa ngombe, wakamurudishia mukia.

Jambo la tatu ni lile la muzee wetu: walikata bila kupeleka. Jambo hili tusilifunike kwa maneno mazuri. Mwenye kazi anayekata feza ya uzee ya mufanyakazi na kuikalia anaiba. Anaiba kwa mutu ambaye bado kijana ili aje kulia akiwa muzee, wakati hakuna tena nguvu ya kugombana.

WALE WASIO NA KARATASI

Hata kama mambo yale matatu yangetengenezwa kesho asubui, swali la yule mama lingebaki. Tuangalie hapa kwetu. Nani eko na karatasi ya mushahara? Mwalimu, munganga, polisi, watu wa biro ya territoire, na wachache wengine. Muvuvi wa Lualaba hana. Mama muuzaji wa mihogo hana. Kijana anayechimba kasiteriti hana: analipwa kwa kilo, na siku mufuko wake mutupu, hakuna aliyemuandika. Sisi wapasta wengi wa vijiji hatuna pia. Ninaandika haya nikiwa na miaka zaidi ya 40, na ninajihesabu kati yao.

Likelemba ya mushahara haiwezi kubeba watu wasio na mushahara. Hilo si kosa lake. Ilifanywa kwa ajili ya watu wa kampuni na biro. Lakini inchi yetu kwa sehemu kubwa si watu wa kampuni.

Lakini mutu akisema ya kwamba wale wasio na karatasi hawakutoa kitu kwa inchi, huyo hajui mambo. Tangu mwaka wa 2012 kuna kodi inayoitwa TVA, 16 kwa mia, inayoingizwa ndani ya bei ya vitu. Mama muzee akinunua sabuni ya kampuni ao batri ya redio, kodi iko ndani ya bei, hata kama haioni kwa macho. Muvuvi anatoa taksi sokoni. Muchimbaji anatoa, na tena anatoa, kila mahali kuko mutu anayemungoja na kitabu. Hawa wote wanachangia mufuko wa wote. Wanalipa wakiwa vijana, wanalipa wakiwa wazee. Lakini siku ya kugawa, majina yao hayamo.

Ndiyo maana inchi nyingine zilisema hivi: tusingojee karatasi ya mushahara. Tutoe feza ya uzee kwa kodi, kwa muzee kwa sababu tu ni muzee. Uingereza ilianza hivyo mwaka wa 1909, kwa wazee masikini wa miaka 70. Mutasema: wale ni wazungu, wana feza. Basi tuangalie karibu.

Zanzibar, tangu mwezi wa 4 mwaka wa 2016, kila muzee wa miaka 70 alianza kupewa shilingi 20,000 kwa mwezi, ni kusema karibu dola 9 za wakati ule. Hawamuulizi alitumika wapi. Feza inatoka kwa mufuko wa Serikali yao wenyewe. Kenya, tangu mwaka wa 2018, ina mupango wa wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kule mara nyingine malipo yanakawia, na wazee wanalalamika, lakini angalau wana kitu cha kulalamikia. Uganda walianza kidogo kidogo katika distrikti chache na musaada wa wageni. Walipotaka kufikisha inchi yote waliona feza haitoshi, wakapandisha umri mupaka miaka 80. Hapo inafaa tujifunze: ukiweka umri juu sana, unahesabu wazee wachache, lakini wengi wanakufa wakiwa njiani.

TUFANYE HESABU

Wengine watasema: «Pasta, hata Ulaya wanashindwa. Redio inasema wazee wamekuwa wengi kule, kodi haitoshi.» Ni kweli. Katika inchi ya Japani, kati ya watu 100, karibu 29 wana miaka 65 na zaidi. Wanazaa watoto kidogo, na wazee wanaishi sana. Wale wachache wanaotumika wanabeba muzigo muzito, na Serikali zinagombana na watu wake: tuongeze kodi, tupandishe umri wa retreti, ao tupunguze pensheni? Hakuna jibu linalofurahisha wote.

Lakini sisi hatuko pale. Katika Kongo, kati ya watu 100, wenye miaka 65 na zaidi ni kama 3 tu. Sisi tuna watoto wengi sana na wazee wachache. Musomaji, ona jambo hili vizuri, kwa sababu wengi wanalipindua. Wanasema: tungojee kwanza inchi itajirike, njo tutaangalia wazee. Mimi ninasema: wakati wa kuanza kubeba muzigo ni wakati ungali mwepesi. Vijana hawa wanaojaza masomo yetu leo watakuwa wazee wote kwa pamoja siku moja. Tukingojea siku ile njo tutafute njia, tutakuwa kama mutu anayeanza kutengeneza mutumbwi wakati maji yamekwisha kuingia nyumbani.

Tuchukue kijiji cha watu 1,000. Wazee wa miaka 65 na zaidi watakuwa kama 30. Tukimupa kila mumoja dola 9 kwa mwezi, sawa vile Zanzibar ilivyoanza, itakuwa dola 270. Ukizigawa kwa watu wote wa kijiji, ni senti 27 kwa kila mutu kwa mwezi. Haiko bei ya chupa ya bia.

Tupande juu: tuhesabu inchi yote kuwa watu milioni 100. Wazee wanakuwa milioni 3. Kwa mwaka muzima ni dola milioni 324. Bajeti iliyopangwa kwa Kongo mwaka wa 2024 ilikuwa karibu dola miliardi 16. Ni kusema franka 2 katika kila franka 100. Ninajua ya kwamba yote yanayoandikwa katika bajeti hayaingii kwa mufuko. Na kupeleka feza mupaka kijiji cha mwisho kunakula feza pia. Weka basi franka 3, weka 4. Ni feza nyingi, sisemi hapana. Lakini si mulima usiopandika.

Tena, sisi watu wa mine tuna jambo letu la kuuliza. Sheria ya mine iliyogeuzwa mwaka wa 2018 inagawa hivi malipo ambayo kampuni inatoa kwa ajili ya madini inayouzisha: 50 kwa mia kwa Serikali ya Kinshasa, 25 kwa provense, 15 kwa sekteri, shefferie ao komini ya pale wanapochimba, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Ni vizuri sana kufikiri watoto ambao hawajazaliwa, kwa sababu siku moja madini yatakwisha. Lakini mimi nikisoma ninajiuliza: vizazi vijavyo wana mufuko wao. Kile kizazi kilichochimba, kilichovaa kofia ya mine na kumeza vumbi, mufuko wao uko wapi?

«LETA ITAIKULA»

Nimesikia neno hili kila mara nikiongea juu ya kodi: «Pasta, ukiweka feza ya wazee kwa mukono wa Leta, itaikula.» Sitawacheka wanaosema hivyo. Wana sababu. Miaka mingi wafanyakazi wa Leta hawakukatwa kitu kwa ajili ya uzee. Feza yao ya retreti ilikuwa itoke kwa mufuko wa Leta, ni kusema kwa kodi. Na tuliona nini? Walimu wenye imvi na mugongo uliopindama wanaendelea kushika chaki, kwa sababu Leta haikuwa na feza za kuwapeleka retreti kwa heshima, na wao walijua ya kwamba siku ya kuacha kazi njo siku ya njaa. Kijana aliyemaliza masomo anangojea kazi. Muzee anaogopa kuiacha. Mwaka wa 2015 waliunda kasi ingine, CNSSAP, ili wafanyakazi wa Leta nao wachangie kama wale wa kampuni.

Kwa hiyo kodi peke yake haiponyi. Mufuko wa wote ukiwa na tundu, hata ukiujaza namna gani utavuja.

Lakini angalieni kanisa la kwanza kule Yerusalema, katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Walikuwa na mufuko wa wote, na wajane walikuwa wanakula kila siku kutoka mufuko ule. Kukawa manunguniko: wajane wa upande mumoja walikuwa wanasahauliwa wakati wa kugawa. Mitume walifanya nini? Hawakusema, basi tuvunje mufuko, kila mutu alishe mujane wake. Hawakusema pia, nyamazeni, munaharibu umoja. Waliomba watu wenyewe wachague wanaume saba wenye sifa njema, wasimamie meza. Mufuko ulibaki. Mikono njo ilibadirika, na watu walijua majina ya wale saba.

Ninafikiri njia ni ileile hata leo. Liste ya wazee isomwe mbele ya watu wote, kwenye kanisa, kwenye musikiti, kwenye soko, ili muzee aliyekufa asiendelee kulipwa na muzee aliye muzima asisahauliwe. Feza itajwe ni ngapi na siku gani. Na sisi tukiombwa kodi ya kweli, tuilipe na kuomba kitanzi, kisha tuulize imeenda wapi. Mutu anayetoa kidogo kwa siri mukononi ili asilipe kodi hawezi kumulaumu mukubwa anayekula kingi. Wote wawili wamekula sahani ya yule mama.

«WATOTO WETU NJO PENSHENI YETU»

Jibu lingine ninalosikia ni hili: sisi si wazungu, hatutupi wazee, watoto njo pensheni yetu. Ninalipenda neno hili. Ni kweli, na linatupa heshima. Bwana wetu mwenyewe aliwakemea watu waliosema korbani, wakimaanisha kwamba feza imewekwa kwa Mungu, ili wasisaidie baba na mama yao. Hata sisi wapasta tulisikie: mutoto asilete mufuko mukubwa kanisani wakati mama yake analala njaa.

Lakini tuseme pia ukweli nusu nyingine. Yule muzee wa mufuko wa plastiki alizaa watoto wanne. Mumoja alikufa. Binti aliolewa mbali, na yeye pia ana wakwe wa kulisha. Wa tatu anachimba kasiteriti; mwezi mumoja anapata, miezi miwili hapati. Wa ine hawana habari zake. Nani kati ya hawa ni mubaya? Hakuna. Ni masikini tu. Ukisema kwa kijana wa mashimo, «wewe njo pensheni ya baba yako», umeweka mizigo miwili juu ya kichwa kimoja, kwa sababu ana watoto wake pia wanaofukuzwa masomoni.

Paulo alipomwandikia Timoteo juu ya wajane, aliweka mambo mawili pamoja. Jamaa ianze, mutoto na mujukulu walipe deni kwa wazazi. Na yule asiye na mutu, mwenye miaka 60 na zaidi, aandikwe kwenye liste ya kanisa. Jamaa kwanza, lakini jamaa ikishindwa, liste iwepo. Feza ya uzee ya Leta haitavunja heshima ya watoto. Itasaidia tu mutoto masikini asione haya mbele ya baba yake. Na bibi mwenye franka zake kidogo njo wa kwanza kununua kalamu kwa mujukulu. Ninyi wote munajua.

TUFANYE NINI TANGU LEO

Wewe unayetumika kwa kampuni ao kwa biro: uliza namba yako ya CNSS mwezi huu. Usingojee mwaka wa mwisho wa kazi. Weka kila karatasi ya mushahara ndani ya kitu kisichoingiza maji, na nakala nyumbani kwa ndugu. Usitosheke kuona wamekukata. Uliza kama imefika. Mukiuliza watu ishirini pamoja, hakuna anayeweza kusema ni wewe mutundu.

Wewe mwenye kazi, hata kama una wafanyakazi watatu tu: feza uliyokata si yako tena.

Wewe muchimbaji na wewe mama wa soko: katika koperative yenu na likelemba yenu, wekeni kisanduku cha wazee. Kitakuwa kidogo. Hakitachukua nafasi ya kile Leta inapaswa kufanya. Lakini kitawazoesha kuhesabu wazee wenu na kujua majina yao.

Ninyi munaoomba kura zetu: mukija Malemba-Nkulu na tee-shirt na chumvi, tutapokea. Lakini tutawauliza mbele ya watu: liste ya wazee mutaiweka mwaka gani, na feza itatoka kwa mustari gani wa bajeti?

Wiki iliyopita nilirudi kwa wale wazee wawili. Muzee ameandika barua ya pili. Nilimusaidia na peni, maneno yalikuwa yake. Mama aliniletea kiti, akaniuliza kama nimepata jibu. Nikamwambia: «Mama, unadai kwetu sisi wote. Kila siku uliyolima, inchi ilikula. Kila sabuni uliyonunua, ulichanga.» Akanyamaza kidogo. Kiisha akasema: «Basi uwaambie, kwa sababu mimi sijui kuandika.»

Nimewaambia. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Maswali ya kuzungumuza nyumbani

1. Katika jamaa yetu, ni wazee wangapi wenye miaka zaidi ya 60? Nani kati yao alikatwa feza ya uzee, na karatasi zake ziko wapi?

2. Mwezi uliopita tulimupa kila muzee kitu gani, na nani alikitoa? Je, muzigo ulianguka juu ya mutoto mumoja tu?

3. Kama Leta ingeanza kutoa feza kidogo kwa kila muzee, tungekubali kulipa kodi gani kwa ajili yake? Na nani katika kijiji chetu angeweza kusimamia liste, ambaye wote tungemuamini?